Steringi naye anaumia

Mwezi wa kumi mwaka jana, msimu wa korosho umepamba moto, mwanangu wa miaka 11 alidondoka kutoka juu ya mkorosho shambani kwa bibi yake, Newala. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaendelea kuokota korosho kwa mkono mmoja. Siku mbili alikula ugali kwa kijiko, na mimi nikadhani ni madoido. Siku ya tatu mama yake alimvua shati, akakuta mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Hospitali wakapiga picha: mfupa umevunjika. Akafungwa hogo.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Baba, steringi halii."

Sikuwahi kumkalisha chini nikamfundisha maneno hayo, lakini ni yangu. Niliyaokota kwenye kibanda umiza miaka ya 90, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje. Filamu tuliyoirudia kuliko zote ni ile ya kwanza ya Rambo, ya mwaka 1982. Jamaa anaruka kutoka gengeni, anaangukia mti, mkono unachanika, anajishona mwenyewe kwa sindano na uzi. Hapo kibanda kizima kilikuwa kinalipuka kwa shangwe. Kesho yake tunachomana miiba, tuone nani atakunja uso.

Risasi zikiisha tu, mwenye kibanda anazima deki ili waingie wa zamu inayofuata. Kwa hiyo nimefika utu uzima bila kujua kwamba mwishoni Rambo analia. Analia kwa kwikwi, amemshikilia mkuu wake wa zamani wa jeshi, akimsimulia jinsi rafiki yake alivyolipuliwa Saigon, wakati wa Vita ya Vietnam, na bomu lililofichwa kwenye sanduku la mpiga viatu rangi. Na ule mruko wa kwenye mti, Sylvester Stallone, aliyemuigiza Rambo, alivunjika mbavu wakati wa kuupiga picha. Jeraha la kushonwa lilikuwa la kuigiza. La mbavu lilikuwa la kweli.

Ushauri wangu ni huu: usimkataze mtoto filamu, ataziona kwenye simu ya jirani. Kaa naye, mziangalie pamoja mpaka mwisho. Steringi akipigwa, muulize: hapo ameumia wapi? Nani atamuuguza? Filamu nyingi hazina jibu, na ni vizuri mtoto alione pengo hilo kwa macho yake. Hata za kwetu. Mume anamzaba mkewe kibao, kipande kinachofuata mke anatenga chakula kana kwamba hakuna kitu. Simamisha hapo hapo, muulize yule mama anajisikiaje. Mimi sikuwahi kuulizwa. Nikaoa nikiamini mwanamume ni yule anayenuna siku tatu bila kusema kinachomsibu, na mke wangu aliumia kwa hilo miaka mingi.

Wako wazee watakaosema hata jandoni tuliambiwa tujikaze. Kweli tuliambiwa. Lakini tulikuwa pamoja, na kila asubuhi mtu mzima alikagua kidonda cha kila mmoja wetu, akakisafisha. Hakuna aliyeachwa ajiuguze peke yake porini. Steringi wa filamu hana mjomba wala shangazi. Mtoto wako anao. Ukiona yeye na wewe hamzungumziki, mpeleke kwa mjomba wake. Kwetu Wamakonde hiyo ni kazi ya mjomba tangu zamani.

Wiki ya pili ya hogo tulikaa sebuleni, hapa Mtwara mjini, tukaiangalia ile filamu, vipande vya mateso pale kituo cha polisi nikivipeleka mbele. Rambo alipoanza kulia, mwanangu aligeuka akaniangalia mimi badala ya televisheni. Nilikuwa nalia.

Akanyamaza kidogo.

"Baba, usiku mkono unaniuma sana."

Nikaenda kumchukulia dawa.