Nguo za safari: usiulize ina joto kiasi gani, uliza inakauka saa ngapi

Mleta mada, umesema safari yako ni ya siku kumi na mbili: nusu ya kwanza joto la bondeni, nusu ya pili baridi ya mlimani. Begi ni moja la mgongoni, na pasi hutaki hata kuiona. Ukauliza ununue jaketi moja zito au ubebe masweta mawili. Wengi hapo juu wamekwambia jaketi. Mimi nasema acha vyote viwili. Vumilia, maelezo ni marefu kidogo.

Safari yangu ya kwanza ndefu nilifungasha jinzi mbili, fulana sita za pamba na jaketi moja nene la kujazwa ambalo peke yake lilikula nusu ya begi. Tukapanda basi la usiku, kiyoyozi kikawa kinapuliza bila huruma. Nikivaa jaketi, jasho. Nikilivua, meno yanagongana. Nikashinda usiku kucha navaa na kuvua hadi jirani yangu wa kiti akaanza kuguna. Sikuwa na kitu cha katikati, na hiyo ndiyo kasoro ya nguo moja nzito: inakupa kuungua au kuganda, basi. Asubuhi tukashuka juani, na lile jaketi nikalibeba mkononi siku nne nzima kama mtoto aliyesinzia.

Siku ya tano mvua ikaninyeshea. Jinzi ikalowa hadi kiunoni. Nikaianika usiku, asubuhi bado mbichi. Nikaianika tena mchana kutwa, pindo na mifuko haikutaka kukauka. Saa ya kuondoka ikafika, nikaisokomeza begini na unyevu wake. Jioni nilipofungua begi lilininukia uvundo, hadi zile nguo ambazo sijazitia mwilini hata mara moja.

Tangu siku hiyo nikiishika nguo yoyote ya safari najiuliza jambo moja tu: nikiifua saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi nitaivaa? Ikiwezekana, mbili au tatu za aina yake zinanitosha hata niende mwezi. Isipowezekana, itabidi nibebe moja kwa kila siku, na hapo ndipo mabegi yanapovimba.

Tofauti iko kwenye uzi wenyewe. Uzi wa pamba huyanywa maji na kuyashika. Hata ikiwa imekauka kabisa machoni, pamba iliyokaa kwenye hewa ya kawaida ina unyevu wa kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1; maji hubaki juu ya uzi, ukikamua yanatoka, yaliyobaki yanakwenda na upepo. Nailoni iko katikati, karibu asilimia 4. Ndiyo maana suruali nyepesi ya nailoni unaifua usiku na kuivaa asubuhi, wakati jinzi inakutazama tu kwenye kamba. Na si usumbufu wa kuanika peke yake. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa jasho, ukisimama tu kupumzika mahali penye baridi, inakunyonya joto lote la mwili. Bondeni ubaridi huo ni raha, na sikukatazi fulana moja ya pamba ya kulalia. Mlimani ni balaa.

Sasa kuhusu nguo inayogusa ngozi. Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wanapokosea, wanatumia hela yote kwenye koti la juu halafu ndani wanavaa chochote. Una njia mbili, poliesta nyembamba au sufu laini ya kondoo aina ya merino. Poliesta inakauka haraka kuliko zote na haikunjamani, lakini inanuka. Siyo maneno ya mtaani hayo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu waliotoka mazoezini, na za poliesta zikaonekana kunuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu bakteria fulani hustawi vizuri zaidi kwenye uzi huo. Kwa hiyo poliesta unaifua kila jioni, hakuna mjadala. Sufu ya merino nimeivaa siku tatu mfululizo na hakuna aliyesogea pembeni. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa, na nyuzi zake ni nyembamba mno, nyingi chini ya maikroni 20 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo haichomi ngozi kama yale masweta ya shule. Ubaya wake ni kwamba inachakaa haraka, nondo wanaipenda, na haitaki maji ya moto. Ya kwanza niliyonunua niliiloweka kwenye maji ya moto nikaisugua kama dekio. Nyuzi za sufu zina magamba madogo. Ukizitia joto na kuzisugua, magamba yanang'ang'aniana na hayaachiani tena. Fulana ikatoka saizi ya mtoto wa miaka mitano. Maji ya baridi au vuguvugu, bonyeza taratibu, usipindepinde.

Kwa safari yako ningechukua fulana mbili za poliesta za bondeni na moja ya merino ya mikono mirefu ya mlimani. Ya mlimani hiyohiyo ndiyo utakayolalia huko.

Juu yake unahitaji kitu cha kushika hewa, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa. Kwa hilo napenda flisi nyembamba yenye zipu ya mbele nzima. Kitambaa hiki kilianza Marekani mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills, ni poliesta iliyokwaruzwa hadi ikasimama manyoya, kwa hiyo inakauka haraka kama ndugu zake. Zipu isikuponyoke akilini. Sweta la kuvaa kwa kichwa lina hali mbili, umelivaa au hujalivaa; la zipu lina hali kumi. Kama unaona flisi moja haitatosha, ongeza kizibao chembamba cha kujazwa kisicho na mikono, kinakunjika kikawa kama ngumi mbili. Vya manyoya ya bata ndivyo vyepesi zaidi, ila vikilowa vinasinyaa na kupoteza joto, kwa hiyo kwa mtu anayekwenda penye mvua nampa cha poliesta.

La juu kabisa ni koti jembamba la kuzuia mvua na upepo, lisilo na bitana, saizi moja kubwa zaidi ili lipite juu ya vyote. Flisi bila hilo koti ni kama dirisha lenye wavu, upepo unapita moja kwa moja. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya makoti, ila angalia kama kofia yake inakazika usoni.

Najua utasema vitu vyembamba vitatu haviwezi kushinda jaketi zito. Piga hesabu. Kwa wastani joto la hewa hushuka nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama bondeni ni nyuzi 30 na unapanda mita 2,500, mchana utakutana na kama nyuzi 14. Usiku itashuka zaidi, sawa, lakini usiku utakuwa umevaa vyote kwa pamoja na umetulia. Jaketi la kuvukia theluji hapo ni mzigo. Siri ni kuvua kabla jasho halijaanza. Ukianza kupanda, anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Dakika kumi tu mwili utakuwa umechemka. Anayeanza amejifunika vizuri ndiye atakayefika juu amelowa kutoka ndani.

Pasi. Pamba na kitani hukunjamana kwa sababu molekuli za uzi hushikamana kwa vifungo dhaifu ambavyo maji huviachanisha. Kitambaa kikikauka, vinafunga upya palepale kilipokunjwa. Katika miaka ya 1950 mwanakemia wa Marekani Ruth Benerito, na wenzake, walifanya kazi kubwa ya kuongeza vifungo imara zaidi kati ya molekuli hizo, na hapo ndipo mashati ya pamba ya fua-uvae, yaani yasiyohitaji pasi, yalipopata nguvu. Kwa hiyo kama lazima uwe na shati la heshima, tafuta la aina hiyo au lenye mchanganyiko wa pamba na poliesta. Jaribio langu: nalishika pindo, nalifinya ndani ya ngumi nikihesabu hadi ishirini, naliachia. Mikunjo ikibaki kama ramani, narudisha. Halafu natazama lebo. Picha ya beseni yenye mkono ndani maana yake fua kwa mkono, hiyo ndiyo rafiki yetu. Beseni lililokatwa kwa alama ya X maana yake usifue kwa maji, sahau.

Rangi chagua za ukoo mmoja, kijivu na buluu iliyoiva kwa mfano, ili kila cha juu kikubaliane na kila cha chini. Nyeusi tupu inaonyesha vumbi kuliko watu wanavyodhani. Kitu kimoja kiwe na maua au mistari, kwa sababu doa la chai halionekani hapo.

Kufua kwenyewe ni dakika tano: maji, sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe. Kisha tandaza taulo kavu, lalisha nguo juu yake, viringisha pamoja kama mkeka, ukanyage kwa miguu. Taulo litanywa maji mengi kuliko mikono yako ingeweza kukamua. Tundika kwenye henga, usiikunje juu ya fimbo, na uiweke feni inapofika. Dawa ya kulainisha nguo usiitie. Inaacha utando kwenye uzi na fulana ya jasho inashindwa kazi yake.

Ukipanda ndege, hewa ya ndani ni kavu sana na miguu huvimba ukikaa muda mrefu, kwa hiyo kiuno cha lastiki na soksi zisizobana. Skafu kubwa moja inafanya kazi ya shuka, mto na pazia la macho.

Jaribu leo usiku. Chukua kila nguo uliyopanga kubeba, fua kwa mkono saa mbili, viringisha kwenye taulo, tundika ndani ya chumba. Saa kumi na mbili asubuhi pitisha vidole kwenye kola, kwapani na kwenye mshono wa kiuno, huko ndiko maji hujificha. Njoo utuambie hapa zipi zilikuwa bado mbichi, tuzichambue moja moja kabla hujafunga begi.