Tanaka Kakuei: Reli ya Niigata na Fedha za Lockheed

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukizungumzia daraja la Kigongo–Busisi, mzee mmoja alidai kwamba Japani iliwahi kuwa na waziri mkuu asiye na elimu ya juu, aliyepeleka treni ya mwendo kasi kwao na hatimaye akafia gerezani. Je, ni kweli?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wenu anamzungumzia Tanaka Kakuei, na maelezo yake ni sahihi isipokuwa hilo la gerezani. Tanaka alizaliwa mwaka 1918 kijijini mkoani Niigata, akaishia shule ya msingi, akaenda Tokyo akiwa kijana, akaanzisha kampuni ya ujenzi, na mwaka 1947 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 1972 akawa waziri mkuu akiwa na miaka 54, na Septemba mwaka huohuo alikwenda Beijing kurejesha uhusiano wa kibalozi na China.

Huwezi kumwelewa bila kuielewa Niigata. Milima inautenga mkoa huo na Tokyo, na wakati wa baridi theluji hurundikana kupita kimo cha mtu, hivyo zamani vijiji vya milimani vilikatika na dunia. Tanaka aliwapelekea barabara na mahandaki. Reli ya treni ya mwendo kasi ya Joetsu, kutoka Tokyo hadi Niigata, iliyofunguliwa mwaka 1982, hupita chini ya milima kwa handaki la kilomita 22, na kandokando yake kuna mabomba yanayonyunyiza maji ya vuguvugu kuyeyusha theluji. Mtu aliyekesha Kigongo enzi za kivuko, akiwa na mgonjwa ndani ya gari, anajua kwa nini wapiga kura wale walimshika mbunge wao kwa mikono miwili, nami sikubaliani na wanaowaita wajinga.

Hata hivyo, makampuni yaliyopata kandarasi ndiyo yaliyochangia fedha na kukusanya kura, na kwa fedha hizo Tanaka alilifanya kundi lake kuwa lenye nguvu kuliko yote ndani ya chama tawala. Hapo ndipo ninapomlaumu bila kusita. Mwaka 1974 alijiuzulu baada ya jarida moja kufichua mambo yake ya fedha. Mwaka 1976 alikamatwa kwa kupokea yeni milioni 500 za kampuni ya Lockheed ili shirika la All Nippon Airways linunue ndege zake. Oktoba 1983 mahakama ya Tokyo ilimhukumu kifungo cha miaka 4, akakata rufaa, na miezi miwili baadaye wananchi wa Niigata wakamrudisha bungeni kwa kura zaidi ya 220,000.

Alipatwa na kiharusi mwaka 1985, akafariki Desemba 1993 rufaa yake ikiwa bado Mahakama ya Juu, kwa hiyo kifungo hicho hakukitumikia; alikaa mahabusu wiki chache tu mwaka 1976. Binti yake Makiko, aliyeingia bungeni mwaka 1993 kutoka Niigata hiyohiyo, alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 2001.