Usiniambie nisikate tamaa, niambie choo kiko wapi

Mwaka wa kwanza baada ya ajali nilitembelewa na watu wengi kuliko maisha yangu yote yaliyotangulia. Kila aliyekuja alikuwa na neno lake. Usikate tamaa. Mungu ana makusudi yake. Wengine walisema hujafa hujaumbika, na hilo walilisema wakiwa mlangoni wanaondoka, kwa sauti ya chini, nadhani zaidi wakijikumbusha wenyewe kuliko kunifariji mimi. Niliwashukuru wote, na soda tuliwanunulia. Walipoondoka nilibaki na tatizo lile lile ambalo hakuna aliyeligusa: choo cha nyumbani kilikuwa uani, kizingiti kirefu, mlango mwembamba, na tundu la kuchuchumaa.

Niko kwenye kiti cha magurudumu tangu 2013. Bodaboda niliyokuwa nimepakiwa iligongwa, uti wa mgongo ukavunjika chini kidogo ya mbavu, miguu ikanyamaza. Leo nina meza yangu ya ufundi simu Kimara, Dar es Salaam, nina mke, nina nyumba ya kupanga, na nadaiwa ada ya mtoto kama mzazi mwingine yeyote. Waliopata ajali kama yangu, au ndugu zao, hunipigia kuuliza nilifanyaje. Wanatarajia nizungumzie moyo. Mimi huanza na mkojo.

Uti wa mgongo ukikatika pale ulipokatika wangu, kibofu hakikupi tena taarifa. Kinajaa kimya kimya, halafu ama kinamwaga ama kinarudisha mkojo kwenye figo. Nilitoka hospitali na mrija wa kudumu na mfuko unaoning'inia, nikakaa nao zaidi ya mwaka. Homa zilikuwa haziishi. Kila ikipanda nilimtuma mdogo wangu duka la dawa akaniletee dawa ya malaria, nameza, nangoja, inapanda tena. Ilikuwa maambukizi ya mkojo muda wote huo. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha njia nyingine: unaingiza mrija mwenyewe, mkojo unatoka, unautoa mrija, unaendelea na shughuli zako. Kila baada ya saa nne hadi sita. Mikono unaosha kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, hata kama una haraka, hata kama maji ni ya dumu.

Siku nilipoweza kufanya hivyo peke yangu bila mama kusimama pembeni ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilianza kujitegemea. Kazi ilikuja baadaye, na ndoa baadaye zaidi. Kama umeumia uti wa mgongo na hujawahi kuelezwa njia hii, muulize daktari wako wiki hii kama inakufaa, usione aibu.

Kosa jingine nililofanya, na naona wengi wanalifanya: kuacha kunywa maji ili nisihangaike na choo. Kwa joto la Dar es Salaam! Mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi, maambukizi yanapata nafasi, mawe yanaanza kujengeka. Kunywa maji. Kinachotakiwa kupangwa ni safari zako za chooni.

Choo chenyewe tulikitatua kwa shilingi chache. Fundi wa kuchomelea mtaani alitengeneza fremu ya chuma yenye miguu minne, juu akaweka kikalio cha plastiki chenye tundu, unaisimamisha juu ya choo cha kuchuchumaa na unakaa. Wengine wanachukua kiti cha plastiki cha kawaida wanakitoboa katikati. Kinafaa, ila viringisha mpira wa tairi la baiskeli kwenye kingo zote zilizokatwa. Mwili usiosikia maumivu utakatwa na plastiki hiyo na hutajua mpaka uone damu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siku moja, nikiwa najionyesha kuwa najiweza, nilibeba sufuria la maharage mapajani kutoka jikoni hadi sebuleni. Nikapakua, nikala, nikafurahi. Jioni mke wangu, wakati ule bado mchumba, akaona suruali imelowa. Lengelenge lilikuwa limetanda paja zima na limeshapasuka. Miezi miwili kukauka, kwa sababu ya dakika moja ya majivuno. Sasa ninabeba kwenye sinia la mbao, na cha moto sana namwachia mwenye miguu.

Vidonda vya mgandamizo ndivyo vinavyotuua, niseme wazi. Ukikaa juu ya mfupa mmoja muda mrefu damu haipiti, nyama inaoza kuanzia ndani, na juu unaona doa jekundu tu. Kila nusu saa hivi ninajiinua kwa mikono au ninainama upande mmoja kisha mwingine, nabana hapo dakika moja au mbili. Kengele ya simu ilinichosha nikaacha, nikawa natumia redio: kila wakianza matangazo, najiinua. Asubuhi na usiku najikagua makalio kwa kioo kidogo. Doa ambalo halififii ukilibonyeza ni amri ya kulala kwa tumbo au ubavu mpaka litoke, hata kama una wateja. Nimewahi kupoteza siku tisa za kazi kwa doa la ukubwa wa sarafu, na sijutii hata moja.

Kuhusu kiti. Cha kwanza nilikabidhiwa kwenye hafla, kukawa na hotuba na picha, nikashikishwa kipaza sauti nishukuru. Kilikuwa kiti cha hospitali, cha kusukumia wagonjwa kwenye korido yenye vigae. Kipana mpaka mtoto angeweza kukaa pembeni yangu. Magurudumu ya mbele, madogo kama ya toroli la dukani, yalizama kwenye mchanga siku ya kwanza. Baada ya miezi mitano beringi zilikuwa zimekwisha na bega langu la kulia linauma usiku kucha kwa sababu ya kufikia magurudumu yaliyo mbali na mwili.

Kiti ni kama kiatu, kina namba yake. Ukikaa, kila upande wa nyonga pawe na nafasi ya vidole viwili tu. Paja lote lilale juu ya mto, magoti yasipande juu kama umekaa kwenye kigoda. Kupima hivi ni taaluma ya watu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wana huduma hiyo Msasani. Usikubali kiti kwa sababu ni cha bure. Na mto siyo wa anasa, kazi yake ni kugawanya uzito. Kipande cha sponji la godoro kitakuwa kimebonyea ndani ya wiki.

Kwa barabara zetu za vumbi na makorongo ninatumia cha magurudumu matatu, lile la mbele limesogezwa mbali na ni kubwa, hivyo kinavuka kokoto bila kunirusha kifudifudi. Nilikichagua pia kwa jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: tairi zake za nyuma ni za upepo, saizi ambayo fundi baiskeli anaijua. Pancha naziba popote. Nina pampu, viraka na solusheni kwenye mfuko wa nyuma, na spana mbili.

Nyumba ya kupanga ilikuwa vita. Niliangalia vyumba kumi na moja. Futi kamba ndiyo ilikuwa rafiki yangu, nilikuwa namtumia dalali ujumbe: kabla hujanipeleka, pima mlango wa choo. Wengine walicheka, mmoja akaniambia, "Bosi, wewe unapanga choo au chumba?" Nikamjibu ndiyo, napanga choo, chumba ni nyongeza. Kiti changu kina upana wa sentimita 64, na milango mingi ya vyoo vya uani haifiki 70, ukitoa nafasi ya vidole vyako vinavyosukuma magurudumu unabaki na michubuko. Tulipopata, mwenye nyumba alikubali nijenge mteremko mlangoni kwa gharama yangu, ila alitaka kupandisha kodi kwa sababu nyumba "imeboreshwa". Tulikunywa kahawa mara tatu mpaka akaelewa.

Mafundi ujenzi nao wafundishwe. Ukimwambia fundi akujengee mteremko anakujengea wa kupandishia pikipiki. Hesabu ni rahisi: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Ataona ni mrefu kupita kiasi. Mwache aone.

Nilihamia Kimara, pamoja na vilima vyake, kwa sababu ya mwendokasi. Tangu mabasi yale yaanze 2016 ninaweza kutoka Kimara hadi Kivukoni bila kubebwa na mtu, maana jukwaa la kituo linalingana na sakafu ya basi. Saa moja asubuhi sijaribu, msongamano ule haumwonei huruma hata mwenye miguu. Natoka saa nne. Daladala ni habari nyingine, kuna konda aliwahi kuniangalia nikiwa nimepunga mkono, akamwambia dereva, "Twende, huyo atatuchelewesha." Mchana kweupe. Kwa safari nyingine nina kijana mmoja wa bajaji. Nilimfundisha kukunja kiti, kukifunga nyuma kwa kamba, na kutonishika kwapani kama gunia. Anajua kushika fremu, siyo pa kuwekea mikono, maana pale panachomoka.

Huyo kijana ndiye jibu langu kwa wanaodhani kujitegemea ni kufanya kila kitu mwenyewe. Nilijaribu hivyo miaka miwili. Nilikuwa nafua nguo zangu zote Jumamosi, namaliza saa tisa alasiri, mabega yamekufa, siwezi kufungua simu hata moja. Nikakaa nikapiga hesabu. Dada anayefua anachukua pesa kidogo kuliko ninayoingiza kwa kubadilisha vioo viwili. Mabega yangu ndiyo miguu yangu, sasa nayatumia kwenye yale ninayotaka yafanywe kwa mkono wangu: kuoga, kwenda kazini, kumwogesha mtoto alipokuwa mdogo. Mengine ninaomba au ninalipia, na ninaeleza yafanywe vipi. Mama yangu ilimchukua muda kulikubali hili. Alitaka kunifanyia yote au anione nafanya yote.

Ugumu ni wale wanaosaidia bila kuulizwa. Kaka mmoja alinishika kwa nyuma kwenye mteremko wa barabara, kwa nia njema kabisa, akanisukuma wakati mimi nimeshika breki. Nilienda chini na meno mbele. Sasa nikihisi mkono nyuma nasema kwa sauti: subiri nikuelekeze.

Na mzee mmoja alikuja mezani kwangu nikiwa nimeinamia simu ya mteja, akanichomekea noti kwenye shati, akaanza kuondoka. Zamani ningekasirika mpaka jioni. Nikamwita, "Shikamoo mzee, hii ni ya matengenezo ya simu gani?" Akatahayari, akacheka, akarudi na kitochi chake kisichosikika. Nilisafisha spika, nikachukua hela yangu, nikamrudishia chenji. Ni mteja wangu mpaka leo.

Kiswahili chenyewe kimetuweka pabaya: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, wote kwenye ngeli ya viti na visu. Siku hizi tunaambiwa tuseme mtu mwenye ulemavu, nami naliunga mkono, ingawa jirani yangu aliyepooza tangu utotoni kwa polio anasisitiza aitwe kiwete na atakutania ukisema vingine. Muulize mtu anapenda aitweje, au muite jina lake.

Pesa, kwa kifupi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni yetu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Usisubiri mtu akuletee habari, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ukitafuta ajira, jua kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Niliwahi kuitaja kwenye usaili mmoja. Kazi sikupata, ofisi ilikuwa ghorofa ya pili bila lifti, lakini walinisindikiza mpaka getini kwa heshima sana.

Kuhusu tendo la ndoa na watoto, msisikilize vijiwe. Nendeni kwa daktari, wote wawili.

Mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye alinipigia kunialika harusi ya mdogo wake. Hakuniuliza naendeleaje wala hakuniambia nijikaze. Alisema, "Nilipita ukumbini jana. Mlango mkubwa una ngazi tatu, ila kuna geti la nyuma la magari, ni tambarare. Choo cha wanaume mlango wake sentimita 78, nimeupima mara mbili. Ndani sakafu ina utelezi, njoo na gloves zako." Nikamuuliza mchango ni shilingi ngapi.