Kabla hujawasha Fail2ban kwenye seva ya barua pepe

Jumatatu moja asubuhi nilipigiwa simu na ofisi ninayoihudumia: "Kaka, barua pepe hazifunguki, kwa mtu yeyote." Seva ilikuwa nzima kabisa. Aliyewafungia alikuwa mimi.

Wiki iliyotangulia nilikuta logi (faili la kumbukumbu za seva) imejaa mstari mmoja, "SASL LOGIN authentication failed", usiku kucha, watu wasiojulikana wakibahatisha nywila za info, admin na test. Nikaweka Fail2ban. Kazi yake ni kusoma logi, na anwani ya IP ikikosea mara 5 ndani ya dakika 10, inaifungia kwa dakika 10. Kwa hasira nikaongeza kifungo kuwa saa 24.

Kumbe mhasibu alikuwa amebadilisha nywila kwenye kompyuta, simu yake ikabaki na ya zamani, ikawa inajaribu tena na tena. Ofisi nzima inatoka kwa anwani moja ya IP, kwa hiyo kosa la simu moja likawafungia wote. Niliwafungulia kwa fail2ban-client na amri ya unbanip, lakini asubuhi yao ilikwishapotea, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo andika anwani ya ofisi kwenye ignoreip (orodha ya anwani ambazo Fail2ban haizifungii) kwanza, ndipo uwashe. Wanaotumia data ya simu huwezi kuwaorodhesha: mitandao ya simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja, nayo hubadilika. Hao walinde kwa kifungo kifupi. Mimi nimerudi kwenye dakika 10 na kuweka bantime.increment = true (ipo tangu toleo la 0.11), ili anayerudia aongezewe muda kila mara. Ukitumia Debian 12, weka backend = systemd, yaani Fail2ban isome kumbukumbu za mfumo wenyewe, maana faili la logi ya barua, mail.log, halipo mpaka usakinishe rsyslog, programu inayoliandika.

Kilichonipunguzia kelele kuliko yote ni kuzima uthibitishaji wa nywila kwenye poti 25. Poti hiyo ni ya seva kupokea barua kutoka seva nyingine. Watumiaji wako watume kupitia 587 au 465.

Wapo pia wanaojaribu mara moja tu kwa kila anwani, kutoka anwani nyingi mno. Hao Fail2ban haiwafungii, kwa sababu hawafikishi makosa 5; kinga yako hapo ni nywila ndefu.

Na mhasibu tumekubaliana: akitaka kubadilisha nywila ananipigia, tunaanza na simu yake.