Spika za bomba la PVC: anza na lita, wati baadaye

Ukitaka kutengeneza spika ya bomba, swali la kwanza la kujiuliza sio wati ngapi, ni lita ngapi. Wati zilizoandikwa nyuma ya sumaku mara nyingi ni maneno ya kuuzia tu, hewa uliyoifungia nyuma ya koni (ile karatasi ya spika inayotikisika) ndo inaamua upate besi au upate kelele, na hiyo hewa unaipima mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Bomba la maji taka la inchi 4 kwa nje ni milimita 110, kwa ndani linabaki na kama 103 hivi kutegemea unene, kwaiyo kila sentimita 10 za urefu zinakupa kama lita 0.83, kipande cha sentimita 30 ni lita 2.5. Lile la inchi 6, yani milimita 160 kwa nje, linatoa karibu lita 1.8 kwa sentimita 10. Kama hesabu za duara zilikutoka siku ileile ulipomaliza kidato cha nne, funga kepu (kifuniko cha bomba) chini, jaza maji kwa chupa ya lita moja, hesabu chupa. Na usikimbilie kununua bomba zima, nenda saiti ya ujenzi muombe fundi bomba vipisi, vipo vingi na wanavitupa. Viwe vipya lakini! Bomba lililotoka chooni achana nalo hata ulisugue na jiki wiki nzima.

Sasa spika. Inchi 3 inakaa vizuri kwenye kepu ya 110 na lita 2.5 zinaitosha kabisa. Watu wanachukua spika ya gari ya inchi 6 wanaibana kwenye bomba la 160 lenye urefu wa futi moja, afu wanashangaa besi inavimba sehemu moja tu na chini hakuna kitu, yani ile imetengenezwa ikae mlangoni kwenye gari ambako ina hewa ya kutosha nyuma, ukiifungia kwenye lita 5 inakosa pumzi. Ukinunua ya mtumba kwa fundi redio, sukuma koni taratibu kwa vidole, pande zote mbili kwa usawa, usikilize, ikikwaruza rudisha. Pima ukinzani wake na mita ya umeme pia, iliyoandikwa ohm 8 itakusomea kama 6 au 7, ya ohm 4 itakusomea 3 na pointi, hiyo ni kawaida sio mbovu.

Kukata: zungusha karatasi kwenye bomba ncha zikutane, piga mstari wa kalamu, kata kwa msumeno wa chuma, malizia na msasa. Tundu la spika kwenye kepu litoboe kwa msumeno au drili, USITUMIE chuma cha moto. Najua ni njia ya haraka na kila mtaa una mtu anafanya hivyo, ila PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi, ule moshi unaokuchoma koo ndo wenyewe.

Ukuta wa bomba kwa kuwa ni duara ni mgumu sana, hautetemeki kama ubao bapa, hapo ndo bomba linaipita boksi la mbao jembamba. Sehemu dhaifu ni kepu. Bandika kipande cha ubao kwa ndani ya kepu ya nyuma, utasikia tofauti. Gundi ya bomba weka upande mmoja tu, upande wa spika tumia skrubu na mpira, maana kuna siku utataka kufungua na hiyo gundi haina msamaha. Mpira wa kuzibia kata kwenye kandambili kuukuu, hakuna kinachoishinda. Tundu la waya ziba na silikoni. Kuangalia kama hewa inavuja, cheza mziki wenye besi nzito afu pitisha moshi wa udi kwenye maungio, ukiona moshi unatikisika sehemu, ziba hapo.

Ukitaka besi ishuke zaidi weka tundu la hewa, yani kibomba kidogo kinachopita kwenye kepu ya nyuma. Kwa lita 2.5, kibomba chenye upana wa ndani wa milimita 28 na urefu wa sentimita 8 kinakupeleka kwenye hezi 85 hivi (hezi ikiwa ndogo ndo besi iko chini), ukikirefusha kiwe sentimita 16 unashuka mpaka kama 64. Kirefu kinashusha, kipana kinapandisha. Usikigundishe kwanza, kiache kiingie kwa kubana, sikiliza, punguza kidogokidogo. Spika ya inchi 3 usiilazimishe ishuke sana, itapiga koni kwa nguvu na sauti hutaiona.

Kinachosahaulika na wengi ni pamba. Bomba lenye ncha mbili zilizofungwa lina mlio wake, sentimita 30 inalia kwenye hezi 570 hivi, na hapo ndo sauti ya binadamu ilipo, kwaiyo bila kujaza kitu msomaji habari anasikika kama kaingia ndani ya pipa. Weka pamba ya mto ile ya plastiki, kwa kulegeza, usiishindilie na usizibe mdomo wa kibomba.

Kwa amplifaya, kuanzia chukua ka PAM8403, kibodi kidogo cha amplifaya ya spika mbili, volti 5 tu, chaja ya simu inatosha, ukikapa 12 unakazika. Hasi za spika mbili usiziunganishe pamoja kwenye hiki kidude, kila spika na waya zake mbili. Pawabenki nyingi zinajizima zenyewe ukipiga sauti ya chini, sio kwamba umekosea waya.

Kama unatengeneza mbili, kabla hujafunga gusisha betri ya 1.5 kwenye kila spika kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani wakati nyingine inatoka, geuza waya zake, maana ukiziacha hivyo besi zinauana katikati ya chumba na utarudi dukani kununua amplifaya kubwa bure.