Wasifu wa baba: zaidi ya "mkulima" tuandike nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwezi wa tano, na mwezi ujao tuna ibada ya kuweka msalaba hapa Mpunguzi. Wasifu wa siku ya mazishi kaka yangu aliuandika usiku wa msiba, ukaisha watu hawajakaa sawasawa: kazaliwa 1940, mkulima, kaacha mjane, watoto na wajukuu. Sasa ndugu wamenipa mimi niuandike upya. Huo mwaka ni wa kwenye kitambulisho tu. Baba mkubwa anasema marehemu alikuwa anachunga ndama kwao Kongwa matrekta ya karanga yalipofika. Baba hakuajiriwa wala hakuwahi hata kuwa mjumbe. Alilima zabibu. Ada zetu zilitoka humo, na uzeeni aliingia shambani na wajukuu, kila mmoja na mstari wake wa mizabibu. Halafu kuna wadogo zetu wawili wa mama mdogo, Mvumi. Wasifu wa kwanza uliwaruka. Nianzie wapi?
Binti yake, Mpunguzi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Mwaka usikusumbue. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa 1947, ukafutwa 1951. Mtoto anayeachiwa ndama ana miaka sita, saba, minane, kwa hiyo kitambulisho hakiko mbali. Andika alizaliwa Kongwa miaka michache kabla ya matrekta ya karanga, na wazee watakaokuwa wamekaa pale watamjua ni rika la nani. Endelea hivyohivyo: Operesheni ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakuta wapi? Nani alibomoa tembe lao? Na 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, yeye alikuwa ameshapanda mzabibu wa kwanza?

Sasa hilo neno "mkulima" ambalo kaka yako alilipitia mbio. Mimi nimekulia Hombolo, najua zabibu inavyomtumikisha mtu. Mahindi unavuna mara moja ukapumzika. Mzabibu wa Dodoma unazaa mara mbili kwa mwaka, maana yake kupogolea mara mbili, kufunga matawi kwenye waya mara mbili, kupuliza salfa ubwiri usije ukala vichala, kisha kugombana na ndege. Zikiiva hazikungoji. Mnunuzi anajua hilo, naye hupanga bei akijua. Aliyesomesha watoto kwa tunda la namna hiyo alikuwa akipiga hesabu usiku, na hesabu hizo ziwemo. Mwaka ambao bei ilianguka, ada ilitoka wapi? Aliuza mbuzi, au alikopa? Kwa nani?

Usiandike "alikuwa mchapakazi". Kila marehemu wa Tanzania ni mchapakazi, na wengine tuliwafahamu! Andika alitoka nyumbani saa ngapi, na mkasi wa kupogolea aliuficha wapi wajukuu wasiuchezee. Kamuulize jirani aliyepakana naye shamba, maana huyo amemwona siku ambazo ninyi mlikuwa shule. Mama yako muulize akiwa peke yake, mkichambua mlenda. Mbele ya watu atakwambia tu kwamba mzee alikuwa mtu mzuri. Sehemu ya wajukuu aisome mjukuu mwenyewe, ataje mstari wake ulikuwa upi na babu alimgombeza kwa kosa gani.

Wale wa Mvumi waandike. Majina yao, kwa mpangilio wa kuzaliwa pamoja nanyi, si kwenye mkia wa karatasi. Lakini mama yako alisikie nyumbani kwanza, kutoka kwako, wala asilikute makaburini kwenye kipaza sauti. Akigoma, baba mkubwa ndiye wa kuketi naye, kwa kuwa ni shemeji yake na alikuwepo mambo hayo yalipotokea. Mkiwaruka mara ya pili, hakuna atakayeamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa haraka ya msiba.

Kurasa mbili za mkono zinatosha. Mchungaji naye ana ratiba, na wapishi hawapendi kungoja. Kabla ya kupeleka kuchapwa, msomee baba mkubwa yote kwa sauti, kalamu ikiwa mkononi, kwa sababu atakukatiza. Atakayosema hapo ndiyo uyaongeze.