Msingi 12 kwa 9, kona kwa kona hazilingani: nimwage zege?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete, najenga nyumba ya mita 12 kwa 9, mtaro ushachimbwa, zege bado. Nimepima mwenyewe kona kwa kona nimepata mita 15.15 na ya pili 14.85. Fundi wangu ananambia si kitu, itasawazishwa ukutani. Alafu kaka yangu ananishauri kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zile mbao za mshazari za ndani nizipunguze maana mbao ghali. Nifate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Zege usimwage, na mbao usitoe hata moja. Umeuliza masuala mawili lakini mimi naliona ni moja tu, na hebu lijaribu leo hapo hapo kiwanjani. Chukua vipande vinne vya papi (mbao nyembamba), vigonge mstatili, msumari mmoja mmoja kila kona, alafu shika juu usukume kwa mkono. Utalala wote! Hakuna kipande kilichovunjika wala kilichofupika, pande ni zile zile, pembe tu ndo zimekimbia. Sasa gonga kipande cha tano kutoka kona mpaka kona, sukuma tena. Hauendi popote, kwa sababu ushakuwa pembetatu mbili, na pembetatu ukishajua urefu wa pande zake tatu pembe zake haziwezi kubadilika.

Ndo maana kupima pande nne peke yake hakukwambii kitu. Nyumba yako ina 12 sawa na 9 sawa lakini imelala. Mstatili wa 12 kwa 9 kona kwa kona lazima iwe mita 15 kamili, zote mbili (ni ile ile pembetatu ya 3-4-5 ya mafundi, yenye kona ya nyuzi 90, pande zake mara tatu: 9, 12, 15). Wewe umezidi sentimita 15 huku na umepungua 15 kule, nikipiga hesabu ukuta wako wa nyuma umesogea ubavuni kama sentimita 19.

Nyumba haitoanguka kwa hilo, nisikutishe. Lakini bati linatoka kiwandani limenyooka, halijui kama ukuta wako umepinda, kwa hivo ubavuni litatokeza sentimita 20 mbele na nyuma libaki na sentimita 1, na mvua ya masika itaingia hapo hapo. Na marumaru ndo zitakuumbua kila siku. Mimi niliwahi kuukubali msingi wa namna hii hapa Chake, nikiwa bado kijana, nikaambiwa maneno hayo hayo ya "itasawazishwa ukutani", na siku ya kuweka marumaru ukumbini ule mstari wa mwisho ulianza na kipande cha sentimita 14 ukamalizia na kipande chembamba kama ulimi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni anatazama, hakusema neno. Mpaka leo sijamsahau.

Fundi wako anaweza kukwambia mbona nyumba za wazee kule Mji Mkongwe vyumba havina skwea (kona za nyuzi 90) na zimesimama. Kweli, lakini zile kuta ni nene, za mawe na chokaa, na dari ni boriti za mikoko ambazo kila moja ilikatwa kwa kipimo cha pale inapolala, hata wembamba wa vile vyumba umetokana na urefu wa boriti. Upindaji unamezwa humo humo. Tofali la inchi 6 na bati la kiwandani hayamezi kitu.

Kurekebisha ni kazi ya asubuhi moja. Ukuta wa mbele uache kama ulivyo. Vigingi viwili vya nyuma visogeze vyote upande mmoja, kule ambako kona kwa kona ndefu itafupika, kidogo kidogo mpaka zote mbili zisome 15. Pande nazo zirejee kuzipima, maana umbo lenye mbele pana na nyuma nyembamba nalo linaweza kukupa kona kwa kona sawa na likawa bovu. Alafu mtaro uupanue pale uzi ulipohamia ili tofali likae katikati ya zege, lisikae ukingoni.

Na hili ndo naliogopa zaidi kwa sisi wa Pemba, ardhi yetu ni vilima. Ukilaza futi (tepu ya kupimia) juu ya mteremko unadanganyika: kwa mita 9 zenye mshuko wa mita 1, nyumba inakuwa imepungua karibu sentimita 6. Futi ilazwe sawa kwa pima maji, ivutwe isibonyee katikati, na upande wa chini ushuke na timazi (uzi wenye uzito chini) mpaka kwenye kigingi.

Kenchi sasa. Zile mbao za mshazari ndo kile kipande cha tano. Zinagawa kenchi pembetatu pembetatu, kila ubao ukawa ama unavutwa ama unakandamizwa kwa urefu wake, na hapo ubao una nguvu. Ukizitoa, ubao wa juu unabaki peke yake kubeba bati na upepo, utapinda. Ubao wa chini nao usiguswe, ndo unaozuia kuta zisisukumwe nje. Tena nakuongezea kazi: kenchi zikisimama kwa safu bila ubao wa mshazari wa kuziunganisha ni kama karata, kusi ikivuma zinalala pamoja. Kama lazima upunguze gharama, punguza urembo wa mbele.

Ukimaliza nitumie vipimo sita, pande nne na kona kwa kona mbili, kabla gari la kokoto halijafika.